Ultrasaundi kupitia puani: kisa cha fundi cherehani na uvimbe wa pituitari

Mgonjwa wa kisa hiki ni mama wa miaka 46, fundi cherehani, mkazi wa Kisauni, Mombasa. Jina lake silitaji, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Mimi kazi yangu ni ya picha. Siku nyingi nawapima waja wazito, nyongo, figo na mishipa ya miguu. Kuitwa thieta kwenye upasuaji unaopita chini ya ubongo ni jambo la nadra kwa mtu wa kazi yangu. Naandika kwa urefu kwa sababu kila anayesikia kwamba ultrasaundi ilitumika ndani ya upasuaji ule huuliza kama uvimbe uliondoka wote. Haukuondoka wote. Mashine ilifaa zaidi pale ilipomzuia daktari mkono.

Mbele anaona, mbavuni haoni

Mama alikuja kliniki ya macho, wala hakuwa na habari na homoni. Alikuwa amekwisha kununua miwani, akaibadilisha, na bado anagongana na watu sokoni Kongowea. Mkokoteni wa viazi ulimpiga kiunoni mchana kweupe bila yeye kuuona ukija. "Mbele naona, mwanangu," alimwambia muuguzi. "Ni huku mbavuni ndiko watu wanizukia."

Muuguzi yule anastahili sifa. Badala ya kumsomesha herufi za ukutani peke yake, alikaa mbele yake, akanyoosha mikono pande mbili, akawa anachezesha vidole na kuvileta polepole kutoka nje kuja ndani. Mama hakuviona mpaka vilipokaribia usawa wa pua. Jicho la kulia lilikuwa halioni upande wa kulia, la kushoto halioni upande wa kushoto, na ya katikati yote yako sawa. Upungufu wa namna hiyo unakuelekeza mahali pamoja pa kutazama kwanza: pale neva za macho mawili zinapokutana na kupishana nyuzi, sentimita chache nyuma ya mzizi wa pua. Chini kidogo ya hapo ndipo inapokaa tezi ya pituitari, kitu cha ukubwa wa njegere kisichofikia gramu moja, ndani ya kishimo cha mfupa wa sfenoidi.

Mtu akishajua anachokitafuta, mengine yote yalikuwa wazi mwilini mwake. Kastabani aliyoshonea tangu ujana haikuingia kidole tena. Pete ya ndoa ilikatwa na sonara. Viatu vilitoka namba 38 vikafika 41. Bintiye alisema mama akilala hukoroma hadi majirani wanajua, kisha pumzi hukatika kidogo, kisha hukoroma tena. Presha alikuwa nayo, na kisukari kilifuata. Daktari alimwomba kipande chake akakiweka kando ya uso wake: picha ya kitambulisho ilikuwa ya mwanamke mwenye taya nyembamba na paji laini, na aliyekaa mbele yetu alikuwa na taya iliyotokeza, pua pana na meno yaliyoachana. Kitambulisho ni kipimo cha bure ambacho kila kliniki inacho, na nashangaa hakitumiki zaidi.

Ugonjwa ni akromegali. Jina hilo lilitolewa na daktari Mfaransa Pierre Marie mwaka 1886. Uvimbe ndani ya pituitari hutoa homoni ya ukuaji kupita kiasi, na kwa mtu mzima, ambaye mifupa yake haiwezi tena kurefuka, ukuaji huo huenda kwenye mikono, miguu, uso, ulimi na viungo vya ndani. Huja taratibu mno. Wanaoishi na mgonjwa kila siku hawauoni, na wengi hukaa miaka kadhaa wakitibiwa kisukari huku, presha kule, maumivu ya viungo kwingine, bila mtu kuunganisha nukta.

Kabla ya kisu

Damu ilipelekwa maabara Nairobi kupimwa IGF-1, kemikali ambayo ini huitoa kwa amri ya homoni ya ukuaji. Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kiwango cha juu kwa umri wake. Prolaktini, homoni ya pituitari inayochochea maziwa, nayo ilipanda kidogo, na hapo ilibidi watu wasimame wafikiri. Uvimbe unaotoa prolaktini hutibiwa kwa vidonge, hasa kabagolini, hata ukiwa mkubwa. Anayekimbilia kumpasua mgonjwa wa namna hiyo amemtesa bure. Lakini prolaktini ya mama huyu ilikuwa juu kidogo tu, kiasi kinachotokea shina la pituitari linapobanwa na uvimbe wowote. Kotisoli ya asubuhi, steroidi ambayo mwili hujitengenezea kwa amri ya pituitari, ilikuwa sawa, na homoni ya dundumio, tezi ya shingoni, ilikuwa mpakani.

MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, ilionyesha uvimbe wa milimita 24 kwenda juu na 19 kwa upana. Ukivuka milimita 10 unahesabiwa mkubwa. Kwa juu ulikuwa umeziinua neva za macho na kuzibana. Upande wa kushoto ulikuwa umeanza kuingia kwenye sinasi ya kavenosi, chumba cha damu kilicho ubavuni mwa tezi, ambamo hupita karotidi, ateri kubwa inayopeleka damu kwenye ubongo, pamoja na neva zinazoendesha jicho. Wataalamu hupima uvamizi huo kwa vipimo vya Knosp vya mwaka 1993, kuanzia 0 hadi 4; wake ulikuwa daraja la 3. Na kulikuwa na jambo la pili ambalo msomaji wa harakaharaka angelipita: karotidi ya kushoto ilikuwa imejikunja kuelekea katikati. Kwa wagonjwa wa akromegali si ajabu ateri hizi kupanuka, kupindapinda na kusogeleana. Mpasuaji aliliona, akalichora kwa kalamu nyekundu kwenye filamu.

Kwa hiyo kabla hata ya kupanga siku, mpasuaji alijua kwamba upasuaji peke yake huenda usimrudishe mama katika kiwango cha kawaida cha homoni. Aliiambia familia hivyo, kwa Kiswahili cha kawaida, mbele ya mume, binti na shangazi mmoja aliyeuliza maswali kuliko wote. Lengo la kwanza lilikuwa macho. La pili, kupunguza uvimbe kadiri iwezekanavyo ili dawa zipate kazi ndogo. Sindano za kila mwezi za kuzuia homoni hii, okitreotidi na lanreotidi, zipo, lakini bei yake huwatoa watu jasho, na neva ya jicho iliyobanwa haina muda wa kungoja. Gharama ya upasuaji sehemu ililipwa na SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na sehemu kwa mchango wa kundi la WhatsApp la ukoo.

Kwa nini sauti

Njia ya kupita puani si ngeni. Hermann Schloffer aliipita kwa mara ya kwanza kuondoa uvimbe wa pituitari huko Innsbruck mwaka 1907, Harvey Cushing akaitumia sana Marekani kisha akaiacha, na kuanzia miaka ya 1990 endoskopi ikaipa uhai mpya. Kamera nyembamba huingia tundu moja la pua, vyombo hupita humo na tundu la pili, sinasi ya sfenoidi, uwazi wa hewa ndani ya mfupa huo, hufunguliwa kwa nyuma, kisha sakafu ya kishimo cha pituitari, na uvimbe unatolewa vipande vipande. Hakuna kovu usoni wala nywele zilizonyolewa.

Kasoro yake ni kwamba endoskopi huona uso wa kitu tu. Hata ile inayotazama pembeni haioni kilicho nyuma ya utando. Ni sawa na kukagua bitana ya koti bila kuligeuza. Uvimbe mkubwa ukishapunguzwa, utando unaoifunika tezi kwa juu huporomoka ndani ya uwazi na kufanya mikunjo, na katika mikunjo hiyo mabaki hujificha. Hospitali tajiri hutatua hili kwa kuweka mashine ya MRI ndani ya thieta. Picha zake ni nzuri kweli, lakini chumba kizima kinahitaji kujengwa upya ili kuzuia sumaku, vyombo vyote viwe visivyovutwa na sumaku, na kila mara picha inapopigwa upasuaji husimama kwa muda mrefu.

Ultrasaundi ni njia ya maskini, kwa maana nzuri ya neno. Mashine ya mkokoteni iko karibu kila hospitali. Sauti hupita kwenye nyama laini kwa kasi ya takriban mita 1,540 kwa sekunde. Mashine hupima muda ambao mwangwi unachukua kurudi, ikajua umbali, ikachora. Haipendi hewa wala mfupa. Hewa huirudisha karibu yote, mfupa huimeza, ndiyo maana kwa mtu mzima huwezi kumwekea probu, kile kifaa cha mkononi kinachorusha sauti, kichwani kwa nje ukaiona pituitari. Lazima mfupa ufunguliwe kwanza, na hilo mpasuaji amekwisha kulifanya kwa ajili ya kazi yake.

Shida ya pili ni ukubwa wa probu. Ninayotumia kwa tumbo hufanya kazi kwenye megahezi 2 hadi 5, yaani mitetemo milioni 2 hadi 5 kwa sekunde, na ni pana kuliko pua ya mtu. Mitetemo ikiongezeka picha inakuwa kali zaidi, ila sauti haifiki mbali: kwenye megahezi 12, kwa mfano, wimbi moja lina urefu wa kama milimita 0.13. Kwa pituitari hilo halina tatizo, maana unachotaka kuona kiko sentimita moja au mbili tu mbele yako. Madaktari wa Bethesda, Marekani, akiwemo mpasuaji Edward Oldfield, walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba ultrasaundi wakati wa upasuaji inaweza kuonyesha vimbe za pituitari, zikiwemo baadhi ambazo MRI ya wakati ule haikuziona, na kwamba mara nyingi uvimbe hung'aa kuliko tezi yenyewe. Baadaye watu wa Trondheim, Norwei, walibuni probu nyembamba mahususi kwa njia hii. London nako kazi inaendelea. Ushahidi, hata hivyo, bado ni wa misururu ya wagonjwa, mingi midogo, na anayesema jambo hili limethibitishwa kabisa anauza kitu.

Probu tuliyopata ilikuwa ya kuazima kutoka kwa msambazaji: shina jembamba lililopinda kama bomba, na kioo cha sauti, yaani sehemu inayorusha sauti na kupokea mwangwi, kiko ubavuni karibu na ncha, kwa hiyo inatazama pembeni na si mbele. Pamoja nayo kulikuwa na kijiti cha dopla, chembamba zaidi, kisichochora picha yoyote. Kinatoa sauti tu: shuu, shuu, shuu, pale chini yake panapopita damu.

Ndani ya thieta

Nusu saa ya kwanza ilikuwa ya daktari wa usingizi. Mgonjwa wa akromegali ana ulimi mkubwa, taya ndefu na koo lililojaa, na kumwingiza mpira wa kupumulia ni kazi ya kutisha. Alitumia kamera ya njia ya hewa na alikuwa na mpango wa pili na wa tatu mezani. Hakuhitaji ule wa tatu.

Mpasuaji wa ubongo alifanya kazi bega kwa bega na daktari wa masikio, pua na koo. Mfupa wa mama ulikuwa mnene, jambo la kawaida kwa ugonjwa huu, na kuchonga kulichukua muda. Kabla ya kukata utando mgumu unaoikabili tezi, mpasuaji aliomba dopla. Hapo hakuna picha ya kusoma, sikio tu. Kulia ateri ilisikika mbali pembeni, mahali inapotarajiwa. Kushoto ilisikika mapema mno, karibu na mstari wa katikati kuliko alama za mfupa zilivyoahidi. Alirudi mara ya pili kwa pembe nyingine, maana dopla ina hila yake: ikielekezwa kwa pembe ya nyuzi 90 dhidi ya mkondo wa damu hunyamaza, na ukimya huo ukiuamini unaweza kukata juu ya ateri. Akiinamisha kijiti, sauti ilirudi. Mkato wa kushoto ukafupishwa.

Kuichana karotidi katika upasuaji huu ni nadra, chini ya mgonjwa mmoja kwa mia katika ripoti nyingi, lakini anayepatwa anaweza kufa mezani au kuamka amepooza. Kwa maoni yangu, kama kisa hiki kingeishia kwenye kijiti kile cha dopla peke yake, gharama yake ingekuwa imerudi.

Uvimbe ulikuwa laini, rangi ya kijivu, ukatoka vizuri kwa kukwangua na kufyonza. Sehemu ya chini kwanza, kisha pembeni, ya juu mwisho, ili utando wa juu usiporomoke mapema ukafunika kazi. Ulipoporomoka, endoskopi ilionyesha uwazi safi. Mtu angeweza kufunga.

Hapo ndipo nilipoitwa karibu. Uwazi ulijazwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, kwa kuwa bila maji hakuna njia ya sauti. Picha ya kwanza haikuwa picha. Ilikuwa ukungu mweupe wa mapovu. Probu iliyovishwa soksi safi, yaani kifuko cha kuzuia vijidudu, hubeba hewa kidogo kwenye mkunjo wa soksi, na damu iliyochanganyika na maji ina mapovu yake. Tukaosha, tukangoja, tukaosha tena. Hii ndiyo sehemu ambayo maandishi ya kisayansi huipita kwa sentensi moja, na ndiyo iliyokula dakika zetu nyingi.

Picha ilipotulia ilionyesha sehemu tatu zinazong'aa.

Ya kwanza ilikuwa chini, nyuma ya uwazi, ukanda mweupe mrefu uliofuata ukuta wote. Mpasuaji alitaka kuifuata. Nikamwomba asubiri. Maji hayamezi sauti kama nyama inavyomeza, lakini mashine haijui kwamba njiani kuna maji. Inaongeza nguvu ya mwangwi kwa kudhani imepita kwenye nyama, na matokeo yake ukuta ulio nyuma ya maji hung'aa kuliko unavyostahili. Kwenye kibofu cha mkojo tunaliona jambo hili kila siku. Nikashusha nguvu ya mashine kwa kina kile, na karibu ukanda wote ukafifia sawia. Kilichosalia kilikuwa sponji ya jelatini iliyowekwa dakika chache nyuma kuzuia damu ya vena. Sponji ikatolewa, na weupe ukaenda nayo.

Ya pili ilikuwa juu kulia, ndani ya mkunjo wa utando ulioporomoka, kama milimita 5. Hii haikufifia tulipopunguza nguvu. Daktari wa usingizi alipandisha kidogo shinikizo la kifua ili utando usukumwe chini, mpasuaji akaufungua mkunjo kwa ncha butu, na ndani mlikuwa na uvimbe, rangi ileile ya kijivu. Ulitoka. Tuliporudisha maji na kutazama tena hapakuwa na kitu. Kando yake kulikuwa na tabaka jembamba lenye giza zaidi ambalo tulilichukulia kuwa tezi yenyewe, imesukumwa na kubanwa ukutani, na tabaka hilo halikuguswa.

Ya tatu ilikuwa kushoto, na juu ya hiyo thieta yote ilinyamaza. Kwa endoskopi ukuta wa kushoto ulionekana laini, una uvimbeuvimbe, unaita kabisa kijiko cha kukwangua. Kwa ultrasaundi kulikuwa na mabaki yanayong'aa zaidi ya ukuta huo, bila shaka yoyote. Kisha nikafungua rangi za dopla, zinazoonyesha kwenye picha mahali damu inapotembea. Kati ya uwazi na yale mabaki palijaa rangi: karotidi ilikuwa imejikunja ikapita mbele yao, na ukuta ulioonekana laini haukuzidi milimita 2 kabla ya kuifikia. Uvimbe ulikuwa nyuma ya ateri, na ule ulioonekana kuwa uvimbe mbele yake ulikuwa ngozi ya ateri yenyewe pamoja na utando.

Mpasuaji aliuliza, "Inapiga?" Nikamwambia inapiga. Akauliza tena nigeuze probu, nikageuza, ikaendelea kupiga. Akaweka kijiko mezani.

Najua wako watakaosema MRI ya kabla ilikwisha kuonyesha mkunjo ule, kwa hiyo hapakuwa na jipya. Kweli, lakini MRI ile ilipigwa wiki kadhaa kabla, uvimbe ukiwa mzima. Ukishautoa, kila kitu husogea. Ateri iliyokuwa imesukumwa pembeni hurudi, utando huporomoka, na ramani uliyokariri inakuwa ya nchi nyingine. Mpasuaji mwenyewe alisema baadaye kwamba kwa jicho peke yake angekwangua pale walau mara moja.

Palikuwa na mvujo mdogo wa maji ya ubongo wakati mkunjo ulipofunguliwa. Uliwekewa mafuta kutoka paja la mgonjwa na kufunikwa kwa kipande cha ngozi ya ndani ya pua chenye mshipa wake. Picha zote kwa jumla, pamoja na kuosha mapovu, hazikufika nusu saa.

Wodini na nyumbani

Macho yalianza kufunguka siku ya pili. Yeye mwenyewe aliligundua, kwa kumwona mgonjwa wa kitanda cha jirani bila kugeuza shingo.

Mkojo ulipimwa kila saa, maana pituitari ikichokozwa huweza kuacha kutoa homoni ya kuzuia maji na mgonjwa akakojoa lita kwa lita. Ulipanda siku moja, ukatulia bila dawa. Hatari ya pili huja watu wakishapumua: kati ya siku ya nne na ya kumi hivi, sodiamu inaweza kushuka ghafla. Kwa joto la Mombasa, na jamaa wanaomsihi mgonjwa anywe madafu na maji kwa wingi, hilo lilinitia wasiwasi kuliko upasuaji. Aliambiwa anywe kwa kiu tu, na damu ikapimwa siku ya saba. Sodiamu ilikuwa imeshuka kidogo. Akapunguziwa vinywaji, ikarudi.

Maagizo ya kwenda nyumbani yalikuwa na mambo ambayo hayamo katika karatasi ya kawaida. Asipenge kamasi na asipige chafya kwa kufunga mdomo, hayo yameandikwa. Lakini mama aliuliza: udhu je? Kupandisha maji puani kungelowesha kiraka kilichokuwa kinashika, na kusujudu huongeza shinikizo kichwani. Mpasuaji, ambaye si Mwislamu, alijibu kwa adabu kwamba yeye anajua la pua tu, la dini amuulize mwenye elimu. Mume alimpigia simu imamu wa msikiti wao palepale wodini. Jibu lilikuwa jepesi: asipandishe maji puani mpaka daktari aruhusu, na asali kwa kukaa, akiashiria rukuu na sijida kwa kuinamisha kichwa kidogo. Tangu siku ile nimeona maelezo hayo yaingie katika karatasi ya wodi, na naona yanafaa zaidi ya nusu ya yaliyochapishwa humo. La pili lilikuwa mitungi ya maji ya lita 20. Mtaani kwao maji ya mfereji hayaji kila siku, na kubeba mtungi ni kukaza mwili kulekule tunakokataza. Binti alichukua kazi hiyo kwa wiki sita.

Baada ya miezi mitatu MRI ilirudiwa. Neva za macho zilikuwa huru. Mabaki ya kushoto yalikuwepo, nyuma ya karotidi, palepale. Lakini kulikuwa na kingine ambacho ultrasaundi haikutuonyesha kabisa: ukanda mwembamba wa uvimbe nyuma ya ukingo wa mfupa wa kishimo, ambako kivuli cha mfupa kiliimeza sauti. Hakuna kurekebisha nguvu ya mashine kunakoweza kuonyesha kilicho nyuma ya mfupa. Anayetaka kuitumia ultrasaundi kama cheti cha "uvimbe umekwisha" aliangalie hilo.

IGF-1 ilishuka hadi kama mara moja na nusu ya kiwango cha juu. Kotisoli ilibaki nzuri, kwa hiyo hahitaji vidonge vya steroidi. Dawa za kisukari zimepunguzwa, mikono imepungua uvimbe, ingawa taya na miguu ni mifupa na haitarudi ilivyokuwa. Kwa homoni iliyobaki ameanzishiwa kabagolini ileile, ambayo wakati mwingine hushusha homoni ya ukuaji pia, kwa sababu kiwango kilichozidi si kikubwa, ni vidonge, na bei yake inabebeka. Visipotosha atahamia sindano, na mionzi ni mjadala wa baadaye.

Kinachobishaniwa sasa

Hospitali inafikiria kununua. Mpasuaji anataka probu ya picha. Mimi nimeandika kwamba tuanze na kijiti cha dopla, kwa sababu kinajibu swali moja tu, hakihitaji mtu wa picha kusimama kando, na swali hilo ndilo linaloua. Probu ya picha ifuate, kwa sharti kwamba kila picha ya thieta ihifadhiwe na kulinganishwa na MRI ya miezi mitatu, la sivyo tutabaki kusimuliana visa vizuri kama hiki na kusahau vibaya.

Kipengele kilichokwamisha ombi hakikuwa bei. Msimamizi wa chumba cha kusafishia vyombo ameuliza probu hiyo itatakaswa wapi. Otoklevu yetu hutakasa kwa mvuke wa nyuzi 121 au 134, joto linaloharibu kioo cha sauti, na kutegemea soksi peke yake kunarudisha yale mapovu na bado hakumridhishi mtu wa kuzuia maambukizi. Mashine ya kutakasa bila joto kali ipo sokoni, na bei yake haikuwa katika ombi. Ombi limerudishwa ili iongezwe.